Mwaka Mama Nura Alipoacha Kununua Bunduki

Odhiambo alinipigia simu saa sita mchana, nikiwa ghorofa ya kumi na tisa ya hoteli ninayofanyia kazi, ndani ya chumba cha kuhifadhia mashuka. Simu yake huwa naipokea haraka kwa sababu hapigi ovyo. "Mwanaidi," akasema, "Mathe ametuacha. Jana alasiri. Wameshazika." Sikumuuliza mathe yupi. Kwa Odhiambo, ambaye ni mtu wa Kisumu, kila mwanamke wa umri wa mama yake ni mathe, lakini yuko mmoja tu ambaye mimi na yeye tulimtumikia pamoja, katika nyumba moja. Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini. Nikasikia honi upande wake, maana siku hizi anaendesha familia moja ya kule The Pearl, hapa Doha, na nusu ya siku yuko kwenye foleni. "Hakuwa mgonjwa, dada. Alikuwa tu vile unajua. Wakimwekea chakula, anakula. Wakimwambia alale, analala. Miaka yote hiyo nikiwa pale, na hata baada ya mimi kutoka." Akanipa pole, nami nikampa pole, tukaagana. Nikarudi kwenye mashuka yangu. Chini, kupitia dirisha jembamba la kile chumba, minara ya West Bay ilikuwa imesimama kwenye vumbi kama kawaida yake, na mimi nilikuwa najaribu kukumbuka sauti ya yule mama siku alizokuwa bado anataka kitu.

Ni miaka kumi na saba sasa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka kufanya kazi Maskati miaka miwili, na Kiarabu changu kilikuwa kizuri kuliko cha wasichana wengi waliokuja na mimi. Nasema hivi si kwa kujisifu. Kiarabu hicho ndicho kilichonipa mwaka mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi ugenini, na hicho hicho ndicho kilichouharibu. Watu nikiwaambia kwamba nilikaa mwaka mzima katika nyumba yenye bunduki zaidi ya sitini, huniuliza kama nilikuwa naogopa. Sikuwahi kuogopa bunduki hata moja. Nilichojifunza kuogopa mwaka ule ni kitu kingine kabisa, na nimekiona mara nyingi tangu hapo, katika nyuso za wageni wa hoteli, na siku nyingine katika kioo cha bafuni kwangu.

Nyumba ilikuwa Al Wukair, nje ya Doha, wakati ambao Al Wukair ilikuwa bado viwanja vitupu na majumba machache mapya yaliyotazamana kwa mbali, ukuta kwa ukuta, mchanga katikati. Mama Nura alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mwembamba, mrefu, bado akivaa batula, ile barakoa ya kitambaa inayong'aa ambayo wanawake wa rika lake waliizoea tangu usichana na mabinti zao hawaitaki. Sikio lake moja lilikuwa zito. Jina langu hakuliweza, akaniita Aida. Tulikuwa watatu wa kumhudumia: mimi, mpishi wa Kihindi, na Odhiambo dereva, ambaye alikuwa amekaa pale tangu enzi za mume. Mume, Bwana Mubarak, alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Mwanawe Rashid alikuwa na nyumba yake mjini na alikuja kila Ijumaa na watoto, na kila Ijumaa aliondoka amekasirika. Sababu ilikuwa majlisi ya marehemu, na bunduki ambazo mama yake alikuwa akizidi kununua na kuziingiza humo.

Majlisi ilikuwa na mlango wake wa nje, upande wa geti, kama zilivyo sebule zote za wanaume kule. Bwana Mubarak aliijenga kwa ajili ya marafiki, halafu kidogo kidogo bunduki zikawafukuza marafiki. Kuta tatu zilikuwa na makabati ya kioo kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kulikuwa na magobori ya kushindilia baruti mdomoni, marefu kuliko mimi, yenye pete za fedha zilizokaza mtutu kwenye mti; kulikuwa na bunduki za utambi zilizotoka Uajemi, vitako vyake vimepakwa maua mekundu; kulikuwa na bunduki za Wazungu zilizopita Maskati na Zanzibar katika biashara ya zamani, zimegongwa mihuri ambayo hakuna aliyejua maana yake. Hakuna hata moja iliyoweza kupiga. Zote zilikuwa na karatasi za serikali, kwanza kwa jina la marehemu, sasa kwa jina la Rashid. Kiyoyozi hakikuzimwa hata saa moja, kwa sababu unyevu wa bahari unafika hadi kule bara, na chuma kikinusa unyevu kinaanza kutoa kutu siku ya pili. Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya mashine, yale mepesi ya cherehani, na udi, na zulia la sufu. Mpaka leo, fundi cherehani akifungua kichupa chake karibu nami, nasimama.

Wiki za kwanza niliingia mle kufagia tu. Mama Nura alikuwa akija baada ya sala ya alasiri, anaketi chini kwenye mito, anatazama. Siku moja akanikuta nimeinama kwenye meza ndogo, nasoma jalada la daftari la kijani. Nilikuwa nalisoma kimoyomoyo, kwa mazoea tu, kama anavyosoma chochote mtu aliyepitia chuo cha Kurani. Akasimama nyuma yangu. "Unajua herufi?" akaniuliza. Nikamwambia najua za msahafu. Akalichukua lile daftari, akalifungua katikati, akaninyooshea. "Hapa, soma." Ilikuwa hati ya mkono, nyembamba, bila irabu hata moja, kwa hiyo nilikuwa nabahatisha: nalitamka neno moja vibaya, namtazama, naye ananyoosha midomo chini ya batula, ananirekebisha. Polepole mstari ukatoka. Gobori la Nizwa, pete saba, kitako chenye pembe. Mama Nura akakaa chini. Hakujua kusoma; maneno aliyonirekebisha aliyajua kwa sikio tu. Miaka mitano alikuwa nalo lile daftari na hakumpa mtu. Mabinti zake wangecheka, Rashid angelificha. Lilikuwa orodha ya bunduki ambazo mumewe alitamani kuzipata kabla hajafa.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa ananunua. Watu wote wa nyumba ile walidhani ni wazimu wa ujane. Odhiambo alikuwa akiniambia jikoni, "Mathe alikuwa hapendi hizi vitu kabisa, akiwa na mzee. Sasa mzee ameenda, yeye ndiye anaagiza. Sielewi." Kumbe Mama Nura alikuwa ananunua kwa kukisia, kwa kuwauliza wauzaji marehemu alipenda nini. Sasa alikuwa na mtu wa kumsomea. Tangu siku ile nikatolewa kwenye kufua, nikapewa majlisi. Asubuhi nilikuwa napaka mafuta, natumia kitambaa laini kwa fedha na kingine kwa mti. Alasiri nilikuwa nasoma. Tulikuta mistari kumi na moja ambayo bado haijakatwa. Odhiambo alitumwa sokoni, alitumwa kwa wazee wa Al Wakrah waliokuwa na bunduki za babu zao zimetundikwa juu ya milango. Simu zilipigwa Maskati na Kuwait. Kila moja ikifika, Mama Nura mwenyewe alichukua kalamu, akanipa mkono wake niuongoze, na tukaukata ule mstari pamoja.

Sijui kueleza furaha ya miezi ile kwa mtu ambaye hajawahi kuwa mtumishi. Jikoni nilikuwa Aida lete, Aida ondoa. Majlisini nilikuwa mtu anayeulizwa. "Unaonaje, Aida, hii ikae na zile za Uajemi au ikae peke yake?" Nami nilikuwa na maoni, na maoni yangu yalifuatwa. Tulikuwa tunakula mle ndani asubuhi nyingine, jambo ambalo Rashid angelijua angepiga kelele: sahani ya balaliti, zile tambi tamu zinazofunikwa kwa yai, tunaiweka kwenye zulia katikati yetu na tunachota kila mmoja upande wake. Mama alikuwa akila kwa haraka, kama mtu mwenye safari. Alikuwa akinisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimwita kila bunduki mpya ilipofika, na yeye anakuja kukaa pale pale alipokaa sasa, anasema mashallah, mashallah, ilhali moyoni anafikiria nyama iliyoko jikoni. "Nilikuwa nadanganya," alisema akicheka. "Sasa nazipenda kweli na yeye hayupo kuona." Mimi pia nilizipenda. Nilikuwa nikilala naziota. Nilianza kutamani bunduki ya mstari wa tisa kama vile watu wanavyotamani nyumba, na nilikuwa sijui hata ingewekwa wapi.

Ilipofika baada ya Ramadhani, ilibaki mistari mitatu. Ndipo akaja Mzee Suleiman kutoka Maskati. Alikuwa muuzaji aliyemjua marehemu miaka ishirini, mzee mnene mwenye kilemba cha rangi ya zambarau, na aliposikia lafudhi yangu mlangoni alinisemesha Kiswahili safi cha Unguja. "Wewe mtu wa wapi, binti yangu?" Nikamwambia Tanga. "Ah, Tanga. Karibu na nyumbani basi." Nikafurahi kama niliyekutana na baba yangu. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea kahawa na tende. Mama Nura aliketi upande wa pili wa chumba, mlango uko wazi, kwa heshima. Bunduki ilikuwa inatoka mikononi mwa mzee, napita nayo katikati ya zulia, namkabidhi mama. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya na wauzaji wote. Mimi ndiye niliyekuwa daraja.

Mzee Suleiman alileta bunduki moja ya utambi, si ya kwenye orodha, lakini nzuri. Mama akaigeuza, akatazama nakshi, akauliza maswali. Akasema ataichukua, lakini anachotaka hasa ni zile tatu, na akamtajia zile tatu kwa kichwa, bila daftari. Mzee alitikisa kichwa polepole. Akachukua tende, akaitoa kokwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na finjani yake: "Mwenyezi Mungu amrehemu. Zile tatu hata yeye mwenyewe alikuwa ameshaziacha. Tangu aliporudi Hija mara ya mwisho aliniambia, Suleiman, usiniletee tena, hamu imenitoka, nikiziangalia sioni kitu. Nikamwambia itarudi. Haikurudi. Zile mbili za mwisho alizonunua, alinunua kwa kunionea haya." Akala tende yake. Mama Nura akaigeuza tena ile bunduki ya utambi. Akaomba bei, wakakubaliana, nikamsindikiza mzee hadi kwenye gari. Pale getini nikamuuliza kwa Kiswahili, "Babu, yale uliyosema ni kweli?" Akanitazama kwa mshangao. "Kweli tupu, mwanangu. Miaka miwili mizima kabla hajafa. Nilidhani mkewe anajua."

Nikarudi ndani. Mama alikuwa pale pale, bunduki mpya mapajani, mkono mmoja umeshika kitako. Nikaanza kukusanya vikombe. "Aida," akaniita, "yule mzee alisema nini pale mwisho, alipokuwa anakula tende? Sikio langu hili halikushika." Nimeikumbuka ile dakika mara nyingi kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Nilikuwa nimesimama na sinia. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Ningeweza kusema amemwombea marehemu rehema, na huo ungekuwa ukweli, nusu yake. Ningeweza kusema mimi pia sikusikia. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba, na miezi yote ile nilikuwa nimesifiwa kwa jambo moja, kwamba nasoma vizuri, nasikia vizuri, nasema neno kama lilivyo. Nikaweka sinia chini, nikaketi, nikamwambia yote. Neno kwa neno. Niliiga hata ile pumzi ya mzee kati ya sentensi. Nilipofika kwenye "nikiziangalia sioni kitu", nilikuwa najivunia Kiarabu changu.

Mama Nura akaondoa mkono kwenye kitako. Kisha akanyanyua ile bunduki, akanipa, akasema niiweke popote. Nilikuwa sijawahi kusikia akisema popote. Akafika mlangoni, akasimama, akaongea akiwa amenipa mgongo. "Miaka miwili alikuwa ananiita nije nizione. Nami nakuja, nazisifu. Yeye ameshashiba na mimi nazisifu. Wote wawili tumekaa humu tunadanganyana." Akavuta pumzi. "Na miaka mitano hii namlisha mtu aliyeshiba." Akatoka, na nikasikia ndara zake zikiburuzika kwenye ukumbi mpaka chumbani kwake.

Sitaki msomaji adhani kwamba alilia, au aligombana na mtu, au aliugua. Ingekuwa afadhali. Siku ya pili alikuja majlisini kama kawaida, akaketi, nikafungua daftari. Akaliangalia kama anavyoangalia mtu sahani ya chakula akiwa na homa. "Hebu leo tuache," akasema. Siku ya tatu vile vile. Alikuwa anajitahidi, niliona kwamba anajitahidi. Alikuwa akiniambia nimtolee gobori la Nizwa, ambalo tulilitafuta miezi miwili na ambalo siku lilipofika alilikumbatia mbele ya Odhiambo bila haya, analishika, anapitisha kidole kwenye pete zile saba, moja moja, kama mtu anayepapasa mlango gizani kutafuta kitasa. Halafu ananirudishia. "Ni chuma," alisema siku moja, si kwa hasira, kwa kushangaa tu. "Chuma na mti." Baada ya wiki mbili akawa anakuja siku moja moja. Baada ya mwezi akawa haji. Simu kutoka Kuwait ilipigwa, mtu amepata ya mstari wa kumi, na mama akaniambia, "Mwambie Mungu amzidishie kheri, lakini hatuhitaji." Nilimwambia. Yule mtu akadhani amekosea namba.

Kwanza Rashid alifurahi. Ijumaa ya kwanza aliyosikia kwamba mama haagizi tena, alikula machbusi, ule wali wa nyama, sahani mbili, akawarushia watoto mpira uani. Ijumaa ya tatu hakuwa anacheka. Alikuwa akimtazama mama yake mezani. Mama alikuwa akila, akijibu, akiwabusu wajukuu, na kila ukimuuliza jambo, alijibu sawa. Unataka twende Al Wakrah ufukweni? Sawa. Unataka ubaki? Sawa. Nilikuwa naondoa vyombo nikamsikia Rashid anamwambia mkewe kwenye ukumbi, "Afadhali zile bunduki. Wallahi, afadhali zile bunduki." Akanifuata jikoni. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na tangu nifike hajawahi kunisemesha isipokuwa kuomba maji. "Aida, wewe ulikuwa naye kila siku. Nini kimetokea humu ndani?" Odhiambo alikuwa mezani anakunywa chai, akaniangalia. Mpishi alikuwa anaosha mchele, akaacha. Nikamwambia sijui, bwana. Siku ambayo uongo haukuwa na faida kwa mtu yeyote, ndiyo siku nilipojua kuusema.

Rashid akaniomba orodha. Nikamnakilia ile mistari mitatu kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Ilimchukua wiki nyingi. Odhiambo alinihadithia kwamba alisafiri mwenyewe hadi Maskati, akaenda Nizwa, akakaa kwenye maduka ya wazee akinywa kahawa asiyoitaka. Akarudi na moja, ya mstari wa kumi na moja, ya mwisho kabisa: bunduki fupi ya mpanda ngamia, mtutu wake umechorwa aya kwa dhahabu. Hata mimi nilipoifunua kwenye kitambaa, niliisoma ile aya mara mbili. Rashid alimshika mama yake mkono, akamwongoza majlisini. Mimi nilikuwa nimefuta vioo vyote asubuhi. Mama akaketi mahali pake pa zamani. Rashid akapiga magoti, huyu mtu mzima ambaye kwa miaka mitano alikuwa akigomba kwa kila bunduki iliyoingia, akamwekea mapajani. "Mama, hii ndiyo ya mwisho aliyoiandika Baba. Nimeipata." Mama akaitazama. Akatazama uso wa mwanawe, akaona anachosubiri, na nikamwona anakitafuta ndani yake, anakitafuta kweli. "Nzuri, mwanangu," akasema. "Mashallah. Mungu akuweke." Kisha akaniuliza kama watoto wameshakula. Rashid akainuka. Alitoka nje, akaingia kwenye gari lake pale uani, akawasha injini, na akakaa mle ndani bila kuondoka mpaka watoto wakaanza kugonga kioo.

Na mimi je? Hilo ndilo nisilolisimulia watu wanaponiuliza habari za zile bunduki. Nilidhani mimi nitaendelea. Hakuna aliyenikataza; niliachiwa ufunguo. Kila asubuhi niliingia, nikachukua kitambaa na kichupa cha mafuta, nikaanza na ukuta wa kushoto kama nilivyozoea. Nilijiambia kwamba kazi ni kazi, na kwamba mama atarudi siku moja akute zinang'aa. Lakini mtu hawezi kutamani peke yake ndani ya nyumba ya mwenzake. Siku moja nilikuwa nimeshika ile bunduki ya Uajemi yenye maua mekundu, ambayo nilikuwa naiita yangu, kwa siri, na nikagundua kwamba nimeshaipaka mafuta yote na sikumbuki kuipaka. Sikuwa nimeona hata ua moja. Nikaiweka. Nikakaa kwenye mto wa Mama Nura, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikazitazama zote kwa pamoja, zaidi ya sitini, zimenielekea, nikangoja. Nilingoja muda mrefu. Nilielewa siku ile Bwana Mubarak alikuwa anakaa pale akiona nini.

Tangu wakati ule nimepanda vyeo. Nina wasichana kumi na wanne chini yangu, nina chumba changu mwenyewe, nimejenga nyumba Tanga ambayo nimeiona mara mbili. Ndoa yangu ilikuja ikaondoka. Watu husema nina bidii. Nimeona vitu vingi vizuri katika vyumba vya hoteli ile, mikufu iliyosahauliwa kwenye visahani vya sabuni, vitambaa vya hariri, saa zenye thamani ya mtaa mzima, na wenzangu huugulia wakiviona. Mimi huandika tu namba ya chumba, nikavipeleka mapokezi. Wananiita mwaminifu. Si uaminifu. Ni kwamba kitu kile kinachomfanya mtu anyooshe mkono, kwangu kilikatika mwaka ule na sijakipata tena, na sijui hata kama nikikipata nitakitambua. Ninamwonea huruma Mama Nura kwa miaka kumi na saba aliyoishi hivyo hivyo, lakini huruma hiyo haijatulia mahali pamoja, inakwenda kwake na kurudi kwangu.

Mkataba wangu ulipokwisha, Rashid aliniita uani. Alikuwa mpole. Alisema mama hahitaji tena mtu wa majlisi, na kwamba amezungumza na rafiki yake mwenye hoteli West Bay, watanichukua, karatasi zangu zitahamishwa bila shida. Wasichana wengi wangeruka kwa furaha. Nikamshukuru. Nikafunga sanduku langu jioni, na asubuhi, Odhiambo akiwa ameshawasha gari, nikaenda kumuaga mama. Alikuwa kwenye sebule ndogo ya ndani, televisheni imewashwa, watu wanapika kitu, sauti imezimwa. Hakuwa amevaa batula. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake wote mchana, na ulikuwa uso wa kawaida, wenye mdomo mdogo.

Nikapiga magoti karibu na kiti chake. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, nimepanga maneno kwa Kiarabu mpaka yamenyooka. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Siku ile ya Mzee Suleiman, uliponiuliza alisema nini, sikupaswa kukuambia. Ningesema sikusikia. Ningesema kingine. Nilikuwa mjinga, nisamehe."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaona anamtazama mtu. Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono mwepesi, mkavu.

"Nilisikia, Aida," akasema. "Nilimsikia mara ya kwanza, kila neno. Nilikuuliza wewe ili uniambie kingine."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuacha mkono pale kichwani kwa muda, kisha akauondoa, akaurudisha mapajani, na macho yake yakarudi kwenye televisheni, kwa wale watu waliokuwa wanapika bila sauti. Nje Odhiambo akapiga honi mara moja, taratibu. Nikainuka. Nilipofika mlangoni nikasimama, nikitumaini ataniita, hata kwa jina lile lisilo langu.

"Funga mlango," akasema bila kugeuka. "Baridi inatoka."